Mawe Yenye Mishikio

Jina langu lilisomwa mimbarini mwezi wa Januari,
kati ya tangazo la mauzo ya keki
na shukrani kwa waliotoa viazi:
Hedwig Toews, mpiga kinanda, miaka ishirini na miwili,
ametengwa mpaka atakapotubu.
Nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Gari halikuwaka
na hakuna aliyetoka kunisukuma.

Kosa langu lilikuwa wimbo mmoja wa harusi.
Liesel, binti yangu, alifunga ndoa na Corrine
kwenye bustani ya matufaha ya shangazi yake,
nami nikabeba kinanda kidogo cha betri,
nikakitua juu ya pipa la mbolea,
nikapiga.
Walitaka nifanyeje? Nikae nyumbani, mikono kifuani?
Mikono hii ndiyo iliyomfundisha kutembea.

Wazee watatu walikuja Alhamisi. Hawakuvua viatu.
Abram Wiebe alifungua Kitabu
kama mtu afunguavyo kisu cha mfukoni.
Alisema anasema kwa upendo. Akarudia: kwa upendo.
Chai niliyowaandalia ikapoa, ikafanya utando.

Miaka mitatu sikusali.
Kila nilipojaribu kusema Baba
ilitoka sauti ya Abram,
na kikohozi chake kile kabla ya kila aya.
Jumapili nilioka mkate, nikaula nimesimama,
nikapangusa makombo kama anayefuta ushahidi.
Msiniambie Mungu alikuwa karibu.
Labda alikuwa. Sikumsikia akibisha.

Aliyebisha ni Delphine wa ukumbi wa barafu,
mwenye funguo, ndoo, na ulimi usio na breki.
"Tuna piano," akasema. "Noti nne zimekufa.
Tuko tisa, na mmoja wetu haamini kitu,
hufuata supu."
Nikaenda kwa ajili ya piano. Si kwa kingine.

Mnaujua mchezo wetu wa huku kwenye theluji?
Unasukuma jiwe la kilo ishirini juu ya barafu,
jiwe lililosuguliwa, lenye mshikio kama birika,
na wenzako hukimbia mbele yake na mafagio
wakilisafishia njia lisikwame.
Siku ile mawe kumi na sita yalipangwa ukutani,
nami niliyezoea mawe ya namna nyingine
nikasimama mlangoni nikiyahesabu,
nikikadiria lipi litaanza.

Hakuna lililonyanyuka.
Walikaa kwenye viti vya plastiki, makoti mwilini.
Liesel alikuwepo, na Corrine, na mtoto wao mwenye mafua;
walikuwa wakija tangu vuli, wakaogopa kuniambia.
Na Bi Noreen Spence, aliyechapwa shule ya misheni
kwa kusali kwa lugha ya mama yake,
sasa anaisali kwa sauti, tena polepole,
kama mtu anayedai chenji yake.
Delphine akamega mkate mweusi,
akamimina maji ya zabibu kwenye vifuniko vya chupa za chai.
"Meza si yetu," akasema,
"kwa hiyo hatuna uwezo wa kumfukuza mtu."

Juzi dukani nilimkuta Abram kwenye rafu ya mikebe.
Aliisoma lebo ya maharage
kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunisomea Injili.
Nilitaka kumwambia neno. Nikanunua chumvi, nikaondoka.

Bado upo ubeti nisiouimba.
Bado zipo Jumapili nakaa garini, injini inanguruma,
mkono kwenye kitasa.
Na kuhusu lile neno, Baba, Noreen aliniambia:
ukifika hapo, nyamaza.
Liache pengo, kama jino la mtoto.
Kitakachoota kitaota.

Basi hupiga.
Nikifikia noti iliyokufa, kidole hugonga ubao, tok,
na wote, hata yule wa supu,
huijaza kwa midomo yao.